Kupanda Mlima Mikono Mitupu

Tangu turudi, kila anayeniletea suruali huuliza safari kwanza, suruali baadaye. Okello wa stesheni ameniuliza mpaka nimeanza kumkwepa. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu barazani inataka macho na miguu, na siwezi kuwasimulia huku nikipima kiuno cha mtu. Kwa hiyo nimeandika. Someni, mpeane, kisha mniache nishone.

Habari za kipande, vibali vya kusafiri na mihuri ya serikali sitazigusa. Nyote mmesimama katika foleni ile ile na mnajua inavyonuka.

Mnajua pia nilichokuwa nikitafuta, maana mlikicheka kabla sijaondoka. Nilitaka mji wa mlimani. Mji mdogo tu, wenye kodi ambayo fundi wa barazani anaiweza, wenye watu wanaochaniwa nguo na baridi na kazi, na wenye mlima karibu, ili Jumapili nikitoka kanisani nivue koti nipande. Basi. Sikufundishwa na mzungu kupenda mlima. Nimezaliwa Maragoli, kwenye mawe makubwa, na tangu utotoni nikiona kilima miguu inaniwasha. Hapa Nakuru ziwa limekauka, ndege wake wamehama, na upepo wa mchana ukianza vumbi jeupe linaingia mpaka ndani ya cherehani. Kwa miaka nimekuwa nikimwambia mke wangu Marita kwamba siku moja tutahama.

Marita alichoka kuambiwa. Jioni moja aliweka sufuria chini akasema, "Baba Agneta, sikiliza." Agneta ni binti yetu, yuko kwa bibi yake Maragoli anasoma. "Nitaenda na wewe mara moja. Tukipata huo mji, tunahama na sitalalamika. Tukikosa, usinitajie mlima tena mpaka nife."

Nilikubali haraka, kwa sababu nilikuwa na hakika.

Njoro, kusubiri mkanda

Gari la moshi lilitushusha Njoro asubuhi. Tulikuwa tumeambiwa kuna lori la kupanda Mau Narok na kwamba linaondoka sasa hivi. Lori lilikuwepo, dereva alikuwepo, lakini alikuwa akisubiri mkanda wa mashine ya kuvunia ngano ya bwana wake, na mkanda wenyewe ulikuwa unakuja kwa gari la nyuma yetu. Basi watu wazima wawili tukakaa juu ya magunia kutwa nzima tukingojea mkanda. Tulikula mandazi ya jana yake, na chai iliyokuwa na moshi kuliko maziwa.

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, mcheshi, hana ubaya. Aliniuliza, "Munaenda kwa bwana gani?"

"Hakuna bwana. Tunaenda kutazama kama tunaweza kuhamia huko."

"Ndiyo. Lakini bwana gani?"

"Mimi ni fundi. Nina cherehani yangu mwenyewe."

"Aa, fundi! Sasa nasikia. Bwana gani amekuita?"

Nikarudi kwenye andazi langu. Marita alikuwa anatazama upande mwingine, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Nilimwona.

Mau Narok, mahubiri ya Marita

Nani aliyewahi kuniambia Mau Narok kuna upepo? Hakuna. Mliniambia kuna viazi. Upepo wa kule unashika koti kama mtu anayekudai, na ngano imelala mpaka macho yanachoka, na kila panapoanza kilima panaanza seng'enge. Nyuma ya duka moja palikuwa na chumba cha bei nafuu sana. Mwenye duka alituonyesha kwa furaha. Nilipomuuliza njia ya kwenda kwenye ule mlima wa nyuma, furaha ikapungua.

Jioni wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikuja wakakaa chini mbele yetu, wametulia, na watoto wao wamepanguswa mapua. Walituletea viazi vilivyochomwa majivuni, na chumvi kwenye jani. Tulikula. Vilikuwa na ladha kuliko viazi vyote nilivyopata kula, na hilo naliandika kwa haki. Wakaendelea kukaa. Wakaendelea kutazama. Ndipo mmoja akamwambia Marita kwa upole, "Haya mama, mutuombee kwanza, ama mutahubiri kwanza?"

Kumbe watu wawili wenye viatu safi, wasio na jembe wala bwana, huko huwa wahubiri tu. Viazi vilikuwa vya wahubiri, na tulikuwa tumeshavila.

Marita hapendi uongo. Alisimama akaimba wimbo mmoja wa kanisa, vizuri kweli, nao wakaitikia. Alipomaliza akasema, "Sisi si wahubiri. Mume wangu anapenda kupanda milima, ndiyo tunatafuta pa kukaa."

Bibi mmoja mzee akanitazama kwa huruma. "Pole," akasema. "Alifiwa na nani?"

Asubuhi nilijaribu mlima wenyewe. Nilipita palipokuwa na mlango wa waya, nikafika kama robo ya njia, nyapara akanifikia mbio, anahema. Hakunitukana. Alinishika mkono kama mgonjwa, akanirudisha chini, na njiani alinieleza shida yake. "Mzee, wewe unaenda juu bila jembe, bila panga, bila ng'ombe. Bwana akiuliza, mimi nitamwambia huyu anafanya nini?"

Nilimwambia amwambie natembea. Alinitazama, akazidi kunikaza mkono.

Molo, chumba cha Mzee Barasa

Tulirudi Njoro, tukapanda gari la moshi tena mpaka Molo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye reli. Marita alishuka amejifunika shuka mbili, akasema kama huu ndio mji wenyewe afadhali avumilie vumbi. Lakini saa hiyo hiyo tulipata supu ya kondoo kwa mama mmoja karibu na stesheni, ya moto, yenye mafuta, na baada ya bakuli la pili hakurudia maneno hayo.

Mama wa supu ndiye aliyetupeleka kwa Mzee Barasa. Alikuwa mtu wa reli aliyestaafu, Mbukusu, anakaa lokesheni, mtaa wa Waafrika, na ana vyumba vya kupangisha. Chumba alichotuonyesha kilikuwa na jiko la mawe, dirisha linalofungika, na kibaraza kinachotazama njia. Kodi yake ilikuwa chini kuliko ya mtaa wetu wa Bondeni hapa Nakuru. Na wapita njia! Kila sweta niliyoiona ilikuwa na tundu kwenye kiwiko. Nilisimama kwenye kile kibaraza nikaona kabisa pa kuweka cherehani.

"Hapa fundi hakuna," Mzee Barasa alisema. "Yule aliyekuwepo alihama. Wewe utakula vizuri."

Marita aligonga ukuta kwa ngumi, akachungulia paa, akasema, "Ukuta ni mzuri." Hilo lilikuwa neno jema la kwanza tangu tuondoke. Asubuhi yake mzee alikubali kutuwekea chumba mpaka turudi, naye Marita akanunua mfagio, akakifagia chumba ambacho hakikuwa chetu bado, akauegemeza mfagio kwenye kona. "Sasa nionyeshe huo mlima wako," akasema.

Njia ya Kuresoi

Mkokoteni wa maziwa ulitubeba kipande cha njia ya Kuresoi, kisha tukaendelea kwa miguu. Hatukufika mbali. Askari wa msitu alitoka kwenye miti akatusimamisha.

"Mzigo yenu iko wapi?"

Nikamwambia hatuna.

"Hiyo ndiyo shida. Mtu hana mzigo huku juu sisi tunamjua. Kama hakimbii, anatafuta kitu ya kubeba." Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ilikuwa imelegea siku zile, lakini macho ya askari yalikuwa hayajalegea. Akatuambia turudi.

Nilikuwa naanza kubishana. Mnanijua. Marita alinivuta shati, tukarudi mpaka kwenye kona, na huko akaokota kuni kavu, akazifunga kwa kitambaa chake cha kichwani, akajitwika. Mimi akanipa gogo nibebe begani. Tukapita tena mbele ya askari yule yule, na yule yule akasema, "Kazi njema, mama."

Hata hakunitazama mimi. Uso wake ulikuwa umeridhika kabisa. Nilikuwa na hasira hata gogo sikulisikia uzito, lakini Marita alikuwa anacheka chini ya kuni zake, na tangu hapo hakuna aliyetuuliza neno. Tulipita nyapara, tukapita wachunga kondoo, tukapita hata mzungu mmoja ndani ya gari. Sote tulisalimiana vizuri.

Mchana tulifika kwa mama mmoja Mkipsigis, Mama Cherono, aliyekuwa anafukiza kibuyu cha maziwa nje ya nyumba. Akatukaribisha. Yale maziwa yana rangi ya majivu na uchachu unaokaza taya; Marita alikunywa kikombe kizima bila kukunja uso, kwa heshima. Mama Cherono akatazama zile kuni.

"Hii kuni yenu inaenda wapi?"

"Haiendi mahali," Marita akasema. "Tunabeba tu ili tuache kuulizwa."

Mama Cherono alielewa mara moja. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja, akasema, "Basi iweke hapa kwangu. Huko juu hakuna mutu ya kuuliza. Endeni."

Tukaacha mzigo. Tukapanda.

Hapa sijui niandike vipi. Nyasi zilikuwa fupi na zenye umande mpaka mchana, na upande wa Nyanza mawingu yalikuwa chini yetu, yamejaa bondeni. Nilidhani nitamsubiri Marita kila mara. Alinipita. Alikunja gauni mpaka magotini, akavua viatu akavishika mkononi, akakimbia. Mwanamke mwenye binti wa shule, ambaye Nakuru hunituma dukani kwa sababu magoti yanamuuma! Alifika kileleni kabla yangu, akakaa chini akihema na kucheka, na nilipofika akanishika mguu.

"Baba Agneta, kwa nini hukuniambia ni hivi?"

Nikamwambia nilimwambia kwa miaka.

"Uliniambia mlima. Hukuniambia hivi." Akatazama mawingu. "Ni hapa. Tutakaa Molo kwa yule mzee. Likizo tutamleta Agneta aje aone."

Tangu hapo haikuwa safari yangu tena, ilikuwa yake. Ningeukosa mji mimi peke yangu, na ubishi wangu, ningeumia kidogo tu.

Kushuka

Tulishuka kwa furaha, na furaha ikatusahaulisha. Mzigo ulibaki kwa Mama Cherono. Hatukukumbuka kuupitia, hata mmoja wetu, mpaka tulipotokeza kwenye njia ya msitu mikono mitupu, Marita viatu mkononi bado, na mbele yetu mzungu juu ya farasi na nyapara wake nyuma juu ya farasi mwingine.

"Wewe nafanya nini hapa?"

"Tulikuwa tunatembea, bwana."

"Natembea kwenda wapi?"

"Juu. Halafu tunarudi."

Akavitazama viatu mkononi mwa Marita. Nilikuwa nimejiandaa kwa kiboko. Badala yake alicheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyepata kitu alichokuwa akikitafuta. Akashuka kwenye farasi.

"Wewe napenda mlima, eh? Mimi pia napenda. Mimi na memsaab napanda hii kila Sande. Rafiki yetu nakuja toka Nairobi, napanda. Lakini boi ya kubeba kapu alikwisha ondoka. Wewe iko na mguu mzuri. Njoo kwangu. Tapata nyumba, tapata posho, tapata buti. Mama tabeba chai. Wewe taona mlima kila Sande!"

Fikirini. Mji wa mlimani, kodi hakuna, na mlima kila Jumapili. Kila nilichowaeleza barazani kwa miaka yote ile, mtu alisimama akanipa mkononi. Kilikuwa na kapu juu yake tu.

Sikuwa nimefungua mdomo. Marita ndiye aliyeuliza. "Bwana, na siku ambayo nyinyi hampandi?"

"Siku hiyo hapana kazi. Nyinyi nakaa kambi."

"Sisi wenyewe tukitaka kwenda juu?"

"Kufanya nini?"

Aliuliza kwa kweli, kama mtu anayetaka kujua. Sidhani alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mbaya ningemchukia nikalala usingizi. Marita alivaa viatu vyake polepole, kimoja, kingine, akasema, "Ahsante, bwana. Hatutaki kazi."

Uso wa yule mzungu ukakunjika. Kama hatukutaka kazi, basi swali lake la kwanza lilikuwa halijajibiwa: tulikuwa tunafanya nini pale? Alimwambia nyapara atutoe. Nyapara alituswaga kwa farasi wake mpaka njia kuu kama ng'ombe waliovunja ua, kisha akatupita kwa mbio kuelekea Molo. Hapo tungalijua, lakini hatukujua. Tulitembea mpaka jioni tukizungumza habari za kibaraza.

Mzee Barasa alikuwa amesimama mlangoni. Hakutukaribisha.

"Chumba kimepata mtu," akasema.

"Nani?"

"Mtu."

"Mzee, asubuhi tulikubaliana."

Aliniangalia shingoni, si machoni. "Fundi, mimi nakaa hapa kwa sababu hakuna anayenitaja. Wewe leo umetajwa. Kesho wataniuliza hawa ni nani, wanafanya kazi gani huko msituni, nami nitasema nini? Kwamba wanatembea?" Akatikisa kichwa. "Mimi ni mzee. Sina mahali pengine."

Nilimkasirikia sana usiku ule. Siku hizi simkasirikii, ila sitaki kumwona. Marita hakubishana. Alipita kando yake akaingia ndani ya kile chumba, akatoka na mfagio wake.

Subukia, kwa sababu ilikuwepo kwenye mpango

Tungeweza kurudi nyumbani moja kwa moja. Nilisema twende Subukia kwa sababu nilikuwa nimesema tutaenda Subukia, na kwa sababu nilijua tukishafika Nakuru ahadi itaanza kufanya kazi.

Basi lilizimika kwenye mteremko, hata sijui linawezaje kuzimika likiteremka. Tulisukuma sote, wanaume kwa wanawake, na Marita akasukuma akiwa ameubana mfagio wa Molo kwapani. Abiria mmoja akamuuliza kama anauza mifagio. Akasema ndiyo. Hakuuza.

Subukia ni kuzuri. Joto la kutosha, kahawa imepangwa kwenye miteremko, ng'ombe wa maziwa wanene, na kuta za bonde zimesimama pande zote zikikungoja. Mwenye hoteli alitupa ugali na maziwa lala, akasema kuna chumba, kuna kazi, fundi anatakiwa sana. Alikuwa mkarimu kuliko wote. Nilimwangalia Marita. Alikuwa anakula, macho kwenye sahani.

"Hutazami huko juu?" nikamuuliza.

"Muulize kwanza ni ya nani," akasema.

Nikamuuliza mwenye hoteli. Akaanza kuyataja majina ya mabwana, huyu mpaka kwenye mti ule, huyu mpaka kwenye korongo, akizunguka na kidole bonde zima mpaka akarudi alipoanzia. Marita akamaliza maziwa yake, akamshukuru, tukasubiri basi la kurudi.

Nyumbani

Tumerudi na vumbi liko palepale. Nilitimiza ahadi. Sikutaja mlima, sikutaja kilima, hata nikishona mto sikusema umeinuka. Ninyi mliuliza, nami nikasema tulienda salama tukarudi salama. Mfagio wa Molo ulisimama nyuma ya mlango na Marita hakuutumia.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, nimekaa nakunja koti langu, nikamwona amechukua lile debe letu la maji. Akaniwekea jembe mlangoni.

"Twende tukachote maji," akasema.

"Wapi?"

"Juu."

Mnaijua Menengai, mlima ulio hapa juu ya mji, ambako askari hufukuza asiye na kazi. Mnajua kwamba huko juu hakuna tone la maji, kuna mawe na moshi unaotoka ardhini na lile shimo kubwa. Marita anajua vilevile. Alijitwika debe tupu, nami jembe begani, tukapanda kwa njia kuu, mchana kweupe. Kwenye miti tulikutana na askari wa msitu. Nililiweka jembe vizuri begani. Alitutazama, akatazama debe, akatazama jembe, akamwambia mwenzake, "Unaona hawa? Hata Jumapili wanafanya kazi." Akatupisha njia.

Sasa tunakwenda karibu kila Jumapili, na wametuzoea, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini debe linashuka tupu kama lilivyopanda. Tukifika kwenye ukingo wa lile shimo Marita hulitua, hulipindua, hulikalia, na hapo ndipo anapovua viatu.